Uzamivu mtambuka si kuonja kila kozi

Neno "mtambuka" limetumika hadi likachoka. Programu yoyote inayomruhusu mwanafunzi kuchukua kozi mbili nje ya idara yake sasa inaitwa mtambuka, na akitajwa mtu anayesomea uzamivu wa sayansi ya utambuzi, hakosekani wa kusema: "Ah, huyo anasoma kila kitu kidogo kidogo." Hapana. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na inawapunja watu wenye mzigo mzito kuliko inavyodhaniwa.

Maana kwanza, kwa haraka. Sayansi ya utambuzi huchunguza jinsi akili inavyopokea taarifa, inavyozihifadhi na kuzitumia, iwe ni akili ya binadamu, ya mnyama au ya mashine. Ripoti iliyoandaliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Wakfu wa Sloan wa Marekani ilizipanga taaluma zake kwenye mchoro wa pembe 6: falsafa, isimu, anthropolojia, sayansi ya neva, sayansi ya kompyuta na saikolojia. Uzamivu mtambuka katika fani hii ni ule ambao swali la tasnifu yake haliwezi kujibiwa na taaluma moja.

Mchoro huo ndio uliopotosha wengi. Wakiuona, hudhani mwanafunzi anazunguka pembe zote 6 akichota kila mahali. Hali haiko hivyo. Chukua Chuo Kikuu cha California, San Diego, ambako kuna njia mbili zinazochanganywa kila siku. Ipo Idara ya Sayansi ya Utambuzi, iliyoanzishwa 1986, inayotoa uzamivu wake yenyewe. Pembeni yake ipo programu mtambuka, nayo haina mwanafunzi asiye na kwao: lazima mtu awe amepokewa na idara mama, tuseme isimu au saikolojia au falsafa. Masharti ya idara hiyo anayatimiza yote, hapunguziwi kitu. Juu yake anaongeza eneo la pili la ubobezi nje ya idara yake, na tasnifu yake inapaswa kuyaunganisha yote mawili. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Anayekimbilia huko kwa kushindwa kuchagua fani atajuta mapema.

Tofauti ninayotaka tuishike ni hii: taaluma nyingi kukaa meza moja ni jambo moja, taaluma kuhojiana ni jambo jingine kabisa. Chukua mfano. Mtoto anayekua na Kiingereza husema "went" (alienda) vizuri tu, halafu siku moja anaanza kusema "goed", akibandika "-ed" ya vitenzi vya kawaida, kana kwamba amesahau alichokuwa anakijua. Kwa nini? Mwaka 1986 wanasaikolojia David Rumelhart na James McClelland walichapisha modeli ya kompyuta, mtandao wa neva bandia usioandikiwa kanuni yoyote ya sarufi, ambao ulipofundishwa vitenzi vya Kiingereza katika wakati uliopita ulipitia kosa linalofanana na la mtoto. Miaka miwili baadaye Steven Pinker, mwanasaikolojia, na Alan Prince, mwanaisimu, waliichambua kipande kwa kipande. Mtandao ulikuwa umelishwa vitenzi 10 kwanza, kisha ukaongezewa 410 kwa mkupuo. Wakahoji: je, mtoto husikia lugha kwa mpangilio huo? Na mbona baadhi ya vitenzi ulivyovizaa havifanani na kosa la mtoto yeyote?

Tazama hapo nani angeweza kuuliza nini. Anayejua kompyuta peke yake angeridhika kwamba modeli inafanya kazi. Anayejua isimu peke yake huenda asingejali namna ilivyofundishwa. Kamati ya tasnifu katika programu mtambuka inakusudiwa kuwaweka watu wa aina hizo chumba kimoja, na yule aliyetoka taaluma ya pili si mgeni mwalikwa. Akisema sura ya tatu haijasimama, haijasimama.

Sidai kwamba muungano huo umekamilika. Mwaka 2019 Rafael Núñez, mtafiti wa San Diego hiyohiyo, na wenzake waliandika kwamba ndoto ya fani moja iliyoungana haikutimia, na kwamba saikolojia imefunika nyingine. Nadhani wana hoja nzito. Anthropolojia hasa imesukumwa pembeni, na inauma, kwa sababu akili hufanya kazi ndani ya jamii. Lakini hoja hiyo inadai programu zibane zaidi, wala si kuzigeuza kapu la kozi za hiari.

Basi ukikutana na mwanafunzi wa programu ya namna hii, usimuulize amesoma kozi ngapi. Muulize idara mama yake ni ipi na taaluma ya pili inamdai nini. Na akikwambia shahada yake itaitwa "Isimu na Sayansi ya Utambuzi", usidhani anatafuta cheo kirefu, ndivyo inavyotunukiwa.