Je, wajua kwa nini padri aliyeanzisha chuo alianza na shamba?

Shule za bweni zinapofungua Januari, magunia hujaa stendi ya Moshi. Mwaka mmoja nilisimama kwenye geti la seminari huku Uchagani, nikamwona mama kutoka Kibosho akitua debe la maharage. Mtunza stoo alichota kiganja, akapuliza makapi, akang'ata punje moja kuona kama yamekauka, ndipo akaandika kwenye daftari jina la mtoto na kilo.

Pale ndipo swali liliponijia. Ukienda misheni ya Kilema, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifika miaka ya 1890, utasikia habari za mibuni waliyoipanda sambamba na habari za ibada na shule. Kwa nini padri mgeni, aliyesomea teolojia, ashike jembe mapema hivyo?

Anayenijibia vizuri ni Mfaransa Edward Sorin, padri wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Novemba 1842, akiwa na miaka 28, alifika na mabruda wachache kwenye msitu wenye theluji katika jimbo la Indiana, Marekani. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Askofu wa Vincennes alikuwa amempa ekari 524 kwa sharti moja: ajenge chuo ndani ya miaka miwili. Ardhi alipewa, fedha hakupewa. Akapaita Notre Dame du Lac, yaani Mama Yetu wa Ziwani.

Hapo jibu linaanza kuonekana. Wakulima wa jirani walitaka watoto wao wasome, ila fedha taslimu mikononi mwao zilikuwa haba. Kwa hiyo Sorin alipokea ada hata kwa mifugo na mazao. Na wanafunzi wa bweni hula kila siku, ada iwe imelipwa au haijalipwa. Bila shamba chuo kingefungwa kwa njaa kabla hakijafungwa kwa madeni. Mabruda walilima, wakafuga, wakachimba udongo wa chokaa kwenye maziwa yaliyokuwa hapo hapo, wakafyatua matofali yao wenyewe. Jengo la matofali la mwaka 1843 bado limesimama hadi leo.

Januari 1844 jimbo la Indiana lilimpa hati ya chuo kikuu, wakati mahali penyewe palikuwa bado kama kijiji cha shambani. Mimi hilo nalistahi sana. Wengi tungesubiri majengo yaishe kwanza.

Kazi za gombera huyu, yaani mkuu wa chuo, hazikuishia shambani. Mwaka 1851 chuo kilipata ofisi yake ya posta na Sorin akawa postamasta. Posta ilimaanisha magari ya farasi kupita hapo na barabara kutunzwa, na mzazi wa mbali aliweza kumwandikia mwanawe. Mwaka mmoja kabla, madeni yalipombana, alituma kikundi California kutafuta dhahabu. Hawakupata ya maana. Msiba mzito ulikuwa wa 1854, kipindupindu kilipoingia na kuzika mabruda na masista wengi kati ya wale wale waliolima na kupika.

Wazee wa Kilimanjaro watalielewa jambo hili upesi, kwa sababu hapa kahawa ndiyo iliyosomesha. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilipoanza mwaka 1933, fedha za buni zililipa ada za watoto wengi wa vihambani, na hata leo debe la maharage linapokelewa getini.

Tarehe 23 Aprili 1879 jengo kuu la Sorin liliteketea. Alikuwa na miaka 65, safarini kuelekea Ulaya. Akageuza njia akarudi. Wanafunzi walipelekwa makwao, mafundi wakaitwa, matofali yakaanza kupangwa upya. Septemba mwaka ule ule madarasa yalifunguliwa.