Pori la Kundelungu: yanayosemwa Lubumbashi na yanayokukuta huko

"Katanga ni jua tu, blanketi la nini?" Anayesema hivyo huwa halali usiku wa kwanza. Juni na Julai, hata hapa Lubumbashi kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10. Uwanda wa Kundelungu, penye hifadhi ya wanyama huku Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, unafika mita 1,700, ni majani matupu na upepo. Tena baridi ya hemani hupandia mgongoni: godoro la sponji jembamba likishalaliwa hubaki kama karatasi. Kama una mablanketi matatu, moja tandika chini. Soksi za kulalia zisiwe zile ulizotembea nazo mchana, maana jasho likipoa miguu haipati moto mpaka asubuhi.

Wengine husema kiangazi chote ni sawa kwa kwenda kuona maporomoko ya Lofoi. Barabara, ndiyo. Maji, hapana. Lofoi huanguka zaidi ya mita 300 kutoka ukingo wa uwanda, lakini mto wenyewe hutegemea mvua; ukichelewa mpaka Septemba utakuta uzi mwembamba ukipeperushwa kwenye mwamba, na moshi wa majani yanayoungua umefunika bonde. Machi maji ni mengi, gari ndilo haliendi. Mwisho wa Mei hadi Juni ndipo vyote viwili hukutana: tope limekauka na mto bado una nguvu.

"Kambi ina bafu la maji ya moto, ni kufungua bomba." Ni kweli, ila fahamu kwanza jinsi linavyofanya kazi. Kambi nyingi za mbali huchemsha maji kwa pipa la chuma la lita 200, limelazwa juu ya matofali na kuni chini yake. Maji baridi huingia upande wa chini kutoka tangi lililoinuliwa, ya moto hutokea juu, kwa kuwa maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda. Moto uwake karibu saa nzima kabla ya mtu wa kwanza kuoga. Kila lita inayotoka, lita baridi inaingia, kwa hiyo anayesimama chini ya bomba robo saa anawaogesha wenzake baridi. Bafu la dakika tano hula lita 40 hivi. Piga hesabu: mtu wa tano ndiye wa mwisho. Mpangane, kisha mwambieni mpishi aongeze kuni baada ya watatu. Na ule mrija mrefu uliosimama wazi juu ya pipa usizibwe kamwe, hata kama unatema maji kidogo. Ndio njia ya mvuke. Ukizibwa, pipa linaweza kupasuka.

"Maji yanayotembea hayana ugonjwa." Kichocho hakijali usemi huo. Konokono wanaokibeba hukaa pembeni, penye majani na maji ya polepole, pale pale watu wanapoingilia kuogelea. Katikati mkondo ni safi zaidi, lakini kufika huko lazima upite pembeni. Kujifuta taulo upesi si kinga ya kutegemea. Uliza wenyeji wapi pana mwamba na maji ya kasi, na pasipo mamba. Ukishaingia maji ya shaka, kapime baada ya wiki sita hadi nane, maana mapema mno kipimo hakioni kitu. Ya kunywa, chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja. Ukiwa na javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) ya asilimia 5 isiyo na manukato, matone mawili kwa lita, subiri nusu saa.

Simba? Sahau. Kundelungu ni hifadhi tangu mwaka 1970, lakini ujangili umewapunguza sana wanyama wakubwa. Pundamilia wa mwisho wa Kongo wako Upemba, hifadhi nyingine ya Katanga. Huku unakuja kwa ajili ya nchi yenyewe, na kutembea na mlinzi wa ICCN, shirika la serikali linalosimamia hifadhi za Kongo.

Kosa linaloharibu safari nyingi ni kuhesabu kilomita. Lami ya kwenda Likasi, kilomita 120 hivi, inadanganya. Baada ya hapo, kwenye udongo wenye mawimbi na mchanga, kilomita 25 kwa saa ni mwendo mzuri. Juni jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ondoka Lubumbashi alfajiri, beba bidoni ya mafuta ya lita 20 na tairi mbili za akiba, na umwachie mtu mjini siku na saa ya kurudi kwako, kwa kuwa simu itakuwa kimya. Birika la umeme liache nyumbani: linadai wati 2,000, na inverta ya kambi (kifaa kinachogeuza umeme wa betri) itazimika pamoja na friji yenye nyama yenu.