Baba, vua na singlendi: ulezi wa mwanaume kwenye wodi ya watoto njiti

Kwenye wodi ya watoto njiti hapa Kigoma, swali la nani kaumbiwa kulea hujibiwa na bibi wa mtoto kabla muuguzi hajafungua mdomo: "Mwanaume atamvunja mtoto huyo."

Maumbile yana sehemu yake, tusidanganyane. Oksitosini hubana mfuko wa uzazi na kushusha maziwa, prolaktini huyatengeneza, na homoni hizo hizo humvuta mama kwa mtoto. Baba hapitii huko. Ila mwili wake nao haukai vile vile. Watafiti walipima testosteroni, homoni ya kiume, kwa Wahadzabe na Wadatoga wa hapa Tanzania, matokeo yakatoka mwaka 2009. Kwa Wahadzabe, ambao akina baba hubeba watoto na kulala nao, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio nao. Kwa Wadatoga, ambao wachanga ni kazi ya wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Utasema labda wenye kiwango cha chini tangu mwanzo ndio wanaooa mapema. Basi nenda Cebu, Ufilipino: utafiti wa mwaka 2011 uliwafuata wanaume wale wale kwa miaka kadhaa, na testosteroni ilishuka walipopata mtoto. Waliomhudumia saa 3 au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasiomgusa.

Na wanaopenda kutuletea mifano ya wanyama, hifadhi ya Gombe si mbali. Dume la sokwe kwa kawaida halilei. Lakini mwaka 1987 homa ya mapafu ilipoua sokwe kadhaa, yatima Mel, wa miaka kama mitatu, alichukuliwa na Spindle, dume kijana asiye ndugu yake. Alimbeba, akamgawia chakula, akalala naye kiota kimoja.

Kosa kubwa liko wodini. Baba huingizwa dakika kumi, anapewa mtoto aliyeviringishwa blanketi, mtoto analia, ananyang'anywa. Kisha tunasema hana mkono wa kulea! Mama naye angepewa dakika kumi asingeujua mlio wa njaa.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa chini ya kilo 2.5 akae kifuani, ngozi kwa ngozi, kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Mama aliyetoka kupasuliwa hazimalizi peke yake. Baba anawe kwa sabuni hadi viwikoni. Aliyetoka mwaloni kwenye dagaa aoge kabisa, na mawese yasipakwe kifuani wala kwa mtoto. Avue shati na singlendi pia. Wengi huiacha kwa aibu, na joto linaishia kwenye kitambaa. Nywele za kifuani hazidhuru.

Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Asimamishwe wima, kifua kwa kifua, uso umegeuzwa upande, shingo imeinuka kidogo, miguu imekunjwa kama chura. Kitenge cha kumfungia mtoto kibane kifuani, ukingo wake wa juu uishie chini ya sikio la mtoto, tumbo liachiwe nafasi ya kupumua. Kikilegea, mtoto huteleza, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa huziba. Ndiyo sababu baba hujiegemeza kwenye mito badala ya kulala chali. Akae angalau saa nzima, maana kumtoatoa mtoto humchosha. Kipimajoto cha mtoto kisome nyuzi kati ya 36.5 na 37.5. Pumzi ikikatika zaidi ya sekunde 20, au midomo ikigeuka bluu, amsugue mgongo huku akimwita muuguzi.

Kulisha ndiko kunakomfundisha baba zaidi. Maziwa ya mama yakishakamuliwa, mtoto aliyekwisha kuweza kumeza hunyweshwa kwa kikombe kidogo kila saa 2 au 3. Mtoto awe macho, ameketishwa karibu wima. Ukingo wa kikombe utulie kwenye mdomo wa chini, maziwa yaguse tu, naye ayarambe kwa ulimi. Baba mwenye haraka humimina, mtoto anapaliwa. Ulimi ukisimama, kikombe kibaki pale pale mdomoni bila kuinamishwa zaidi. Mtoto anapumzika, na ulimi utatoka tena.