Maumivu ya tumbo usiku: si pilipili wala mawazo pekee

Wengi huamini vidonda vya tumbo huletwa na pilipili, mawazo au kukaa na njaa, na kwamba maziwa huvitibu. Si imani ya bure: pilipili huweza kuchokoza kidonda kilichopo, na maziwa hutuliza kwa muda, kisha tumbo huzalisha asidi zaidi. Lakini visababishi vikuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayepimwa kwa choo au pumzi na kutibiwa kwa antibiotiki, pamoja na baadhi ya dawa za maumivu. Soma maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa ya maumivu unayomeza kila mara: ni ibuprofeni, diklofenaki au aspirini?

Maumivu yakikuamsha usiku mara kwa mara, nenda ukapimwe. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au maumivu makali ya ghafla, usingoje kuche. Nenda hospitali usiku huohuo.