Ngozi ya tumbo iliyolegea baada ya uzazi au kupungua uzito: maswali na majibu kuhusu upasuaji wa kukaza tumbo

Mtoto ana mwaka na nusu, uzito wako umerudi ulipokuwa kabla ya mimba, lakini watu bado wanakuuliza ujauzito una miezi mingapi. Au umepunguza kilo 40 kwa jasho lako, na sasa ngozi ya tumbo inaning'inia hadi juu ya mapaja. Wengi walio katika hali hii huambiwa waongeze mazoezi, na wasipoona tofauti hujiona wazembe. Si wazembe. Yapo mambo ambayo mazoezi hayawezi kuyarudisha, na yapo ambayo kisu nacho hakiwezi. Kuyatenganisha mapema humwokoa mtu na uchungu mwingi.

Kwa nini ngozi hairudi kama zamani?

Katika tabaka la ndani la ngozi kuna nyuzi za kolajeni na elastini. Kolajeni huipa ngozi uimara. Elastini huirudisha inapovutwa. Ngozi ikitanuliwa kwa miezi tisa, au kwa miaka mingi ya unene, baadhi ya nyuzi hizo hukatika. Ile michirizi unayoiona ni alama za mahali zilipokatika. Ni kama lastiki ya sketi iliyochoka: bado ni lastiki, lakini haibani tena.

Kiasi itakachorudi hutegemea urithi, umri, idadi ya mimba, kama ulibeba mapacha, kilo ulizopunguza na kama unavuta sigara. Usilihukumu tumbo lako miezi mitatu baada ya kujifungua. Wakati huo ngozi na misuli bado vinajirudi vyenyewe.

Nitajuaje kama tatizo langu ni ngozi, mafuta au misuli?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo, kwa sababu tumbo lililojitokeza lina sababu nyingi na kila moja ina dawa yake.

Simama na ushike tumbo kwa vidole. Ukishika mkunjo mwembamba, laini, kama kitambaa, hiyo ni ngozi iliyozidi. Mkunjo ukiwa mnene, kuna mafuta chini ya ngozi. Lakini kama tumbo ni kubwa na gumu, na hakuna cha kushika, huenda mafuta yamekaa ndani kabisa, yakizunguka utumbo na ini. Hayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo, na upasuaji wa kukaza tumbo hauyagusi. Hupungua kwa kubadili ulaji na kuushughulisha mwili.

Sasa misuli. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena, ikiunganishwa katikati na ukanda mgumu wa nyuzi. Mimba huunyoosha ukanda huo na misuli huachana. Jipime hivi: lala chali, kunja magoti, weka vidole kwa upana juu ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega kidogo. Ukihisi bonde linalozidi upana wa vidole viwili, au ukiona tumbo linatokeza katikati kama tuta, yaelekea misuli yako imeachana. Ndiyo maana mwanamke mwembamba kabisa anaweza kuonekana mjamzito, hasa jioni au baada ya kula.

Kuna tumbo la aina nyingine, nalo halipaswi kusubiri. Tumbo linaloendelea kukua, lenye uvimbe unaoshikika, linaloambatana na maumivu, kutokwa damu kusiko kwa kawaida au kukonda bila sababu, lipimwe kwanza. Uvimbe wa kizazi, uvimbe wa ovari, maji tumboni na ngiri vyote vinaweza kujificha chini ya jina la kitambi.

Mazoezi, krimu au mkanda wa kubana havitoshi?

Mazoezi husaidia misuli. Mtaalamu wa fiziotherapia anayejua matatizo ya wanawake baada ya uzazi anaweza kukufundisha kukaza misuli ya ndani ya tumbo na ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini. Kwa wengi pengo hupungua, au tumbo hupata nguvu hata kama pengo limebaki. Anza hapo kabla ya kufikiria kisu. Ila mazoezi hayaondoi ngozi, kwa sababu ngozi si msuli.

Krimu hulainisha ngozi ya juu tu. Haziungi nyuzi zilizokatika kwenye tabaka la ndani. Mkanda hushikilia tumbo ukiwa umeuvaa, na ukiuvua tumbo hurudi pale pale.

Hasa hufanyika nini katika upasuaji?

Kwa kawaida mgonjwa hulazwa usingizi kamili, na kazi huchukua saa mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Daktari hukata chini ya tumbo, juu kidogo ya kinena, kutoka nyonga moja hadi nyingine. Huinua ngozi na mafuta yake hadi karibu na mbavu, huivuta ile misuli miwili na kuishona katikati kwa nyuzi imara, kisha huivuta ngozi kwenda chini na kukata iliyozidi.

Kitovu hakihamishwi. Hubaki kwenye shina lake, na daktari hutoboa tundu jipya kwenye ngozi iliyoshushwa ili kitokeze hapo. Michirizi iliyokuwa chini ya kitovu kwa kawaida huondoka pamoja na ngozi iliyokatwa. Ya juu hubaki, ila hushuka. Kovu la upasuaji wa kujifungua mara nyingi huondolewa pia. Kama una ngiri ya kitovu, mara nyingi inaweza kushonwa siku hiyo hiyo, lakini lazima ijulikane kabla.

Upasuaji wa namna hii si mgeni. Mwaka 1899 daktari wa magonjwa ya wanawake Howard Kelly, wa Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, aliandika kuhusu mgonjwa aliyemkata tumbo zito lililoning'inia. Mbinu zimebadilika sana tangu hapo.

Kuna aina zake?

Zipo. Mwenye ngozi kidogo iliyozidi chini ya kitovu anaweza kufanyiwa upasuaji mdogo wenye kovu fupi. Aliyepunguza uzito mwingi sana huenda akahitaji pia mkato wa wima katikati ya tumbo, au mkato unaozunguka kiuno chote. Kuna pia upasuaji wa kukata pazia la ngozi linaloning'inia bila kushona misuli. Huo hufanywa zaidi kwa sababu za kiafya, pale ambapo chini ya ngozi kuna vidonda, fangasi na harufu visivyokwisha. Kunyonya mafuta ni jambo jingine kabisa: hakuondoi ngozi, na kwa ngozi iliyochoka kunaweza kuongeza mlegeo.

Ni njia ya kupunguza uzito?

Hapana. Uzito unaoondoka ni ule wa ngozi na mafuta yaliyokatwa tu, na ukinenepa tena tumbo hurudi.

Kwa hiyo ni urembo tu?

Kwa wengine ndiyo, na kutaka kuupenda mwili wako si dhambi. Lakini si urembo peke yake. Misuli iliyoachana hudhoofisha kiuno, na ngozi inayokunjamana huwasha na kuchubuka. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuata wanawake 214 waliozaa na kufanyiwa upasuaji huu. Maumivu ya mgongo na tatizo la mkojo kuvuja vilipungua kwa wengi wao. Haukuwa na kundi la kulinganisha lisilofanyiwa upasuaji, kwa hiyo usiuchukue kama ahadi. Hata hivyo unalingana na wanayosimulia akina mama wengi, kwamba walichokuwa wakibeba kilikuwa zaidi ya aibu.

Ningoje muda gani?

Baada ya kujifungua, madaktari wengi hutaka ipite angalau miezi sita, na uwe umeshaacha kunyonyesha kwa miezi kadhaa. Baada ya kupungua uzito, kilo ziwe zimetulia kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwa kawaida husubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na wapimwe damu, kwa sababu wengi wao hupungukiwa chuma na protini, na kidonda kisicho na protini hakifungi vizuri.

Kama unapanga kuzaa tena, ngoja. Mimba baada ya upasuaji kwa kawaida haina hatari ya pekee kwa mama wala mtoto, lakini inaweza kulegeza tena kila kilichoshonwa.

Ninavuta sigara kidogo tu. Ni lazima niache?

Lazima. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoinuliwa na kuvutwa hutegemea mishipa hiyo hiyo kuishi. Isipofikiwa na damu hufa: hugeuka nyeusi na kuacha kidonda cha wiki nyingi. Acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, pamoja na sigara za kielektroniki. Mweleze daktari wako ukweli hata kama umeshindwa kuacha. Ni afadhali tarehe isogezwe.

Kisukari kisichodhibitiwa, unene mkubwa na historia ya damu kuganda kwenye mishipa navyo huongeza hatari. Taja kila dawa unayotumia: aspirini, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hata dawa za miti shamba, kwani baadhi huongeza kutokwa damu na nyingine huongeza kuganda.

Hatari zake ni zipi?

Huu ni upasuaji mkubwa, hata kama matangazo huuonyesha kama kwenda saluni. Tatizo linaloonekana mara nyingi ni majimaji kukusanyika chini ya ngozi. Huvutwa kwa sindano, pengine mara kadhaa. Damu inaweza kukusanyika pia, kidonda kikaingia vijidudu au kikaachia katikati. Ganzi chini ya kitovu ni ya kawaida, kwa kuwa vijineva vya ngozi hukatwa. Hisia hurudi polepole, na kwa wengine hazirudi zote.

Ninachotaka ukikumbuke zaidi ni bonge la damu. Linaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, likang'oka na kwenda kuziba mshipa wa mapafu, na hilo huua. Ndiyo maana utaamshwa utembee mapema ingawa unaumwa, na wengine huchomwa sindano za kuzuia kuganda. Usikatae kutembea. Mguu mmoja ukivimba au ukiuma kwenye shavu la mguu, pumzi ikikata ghafla au kifua kikichoma, ni dharura, hata kama ni usiku wa manane. Homa, usaha, ngozi inayogeuka nyeusi au tumbo linalovimba ghafla upande mmoja pia havisubiri siku ya kliniki.

Siku za baadaye zikoje?

Wiki ya kwanza ni ngumu. Utatembea umeinama ili mshono usivutike, na utalala ukiwa umeinua mgongo na kukunja magoti. Huenda ukawa na mirija midogo ya kutolea majimaji kwa siku kadhaa, na utavaa vazi la kubana kwa takriban wiki sita. Kazi ya mezani wengi huirudia baada ya wiki mbili hadi nne.

Lililo gumu kwa mama mwenye mtoto mdogo ni kwamba hutakiwi kuinua kitu kizito kwa wiki sita hivi, na mtoto ni kitu kizito. Hataelewa kwa nini humbebi. Tafuta mapema mtu wa kumbeba, kumwogesha na kumlaza, nawe umkumbatie ukiwa umekaa. Kama mtu huyo hajapatikana, tarehe haijafika.

Kovu litaonekana?

Litabaki maisha yote, refu, ingawa hukaa pale nguo ya ndani inapoficha. Miezi ya kwanza huwa jekundu au jeusi na gumu, kisha hufifia kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Kama kovu lako la sikio, la kifua au la kujifungua lilivimba, mwonyeshe daktari kabla hamjakubaliana lolote.

Nimuulize nini daktari wa upasuaji?

Muulize kama amesomea na kusajiliwa kwa upasuaji wa urekebishaji, si upasuaji wa jumla tu. Muulize nani atakayekulaza usingizi, na kama jengo lina chumba cha wagonjwa mahututi au limeandaa pa kukupeleka. Aeleze kwa tumbo lako, si kwa picha za wengine, ataondoa nini na nini kitabaki. Muulize gharama ikiwa tatizo litatokea na urudi chumba cha upasuaji. Angalia kama anakusikiliza au anakuharakisha ulipie leo. Na muulize hili: nikiwa nyumbani usiku wa tatu, nina homa na mshono unavuja, ni namba gani nitakayopiga, na ni nani atakayeipokea?