Dawa za ukoma zimekwisha, ganzi imebaki

Mgonjwa wa ukoma anapomeza dozi yake ya mwisho ya dawa mseto, baada ya miezi 6 kwa mwenye vimelea vichache au miezi 12 kwa mwenye vimelea vingi, jina lake kwenye rejesta huandikwa kuwa amemaliza matibabu. Kitabibu ni sahihi, kwa kuwa vimelea vimekufa na hawezi kumwambukiza mtu. Kwa kweli uwezo wa kuambukiza humtoka muda mfupi tu baada ya kuanza dawa. Lakini neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyokwisha kuharibika hairudishwi na dawa hizo, na hapo ndipo familia nyingi hapa Tabora hubabaika, kwa sababu waliambiwa ndugu yao amepona ilhali wanaona vidole vya mkono vimejikunja na kidonda cha unyayo hakifungi.

Kidonda hicho hakitokani na ukoma kurudi. Kinatokana na ganzi. Mkulima anayechochea moto kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, hushika chuma cha moto asijue mpaka asikie harufu ya ngozi yake, na mwenye katambuga hutembea kutoka shambani hadi nyumbani msumari wa kiatu ukiwa umemwingia. Mimi huwaomba wagonjwa wavue viatu nivipapase ndani kwa vidole vyangu kabla ya kuutazama mguu, na mara nyingi kiatu ndicho kinachonieleza kisa kizima. Kinachofaa ni sandali au viatu vyenye soli ngumu chini, tandiko laini ndani na mkanda wa nyuma, vilivyoshonwa au kugundishwa, visivyo na msumari hata mmoja.

Kazi ya kila siku ni nyepesi ila haina likizo. Miguu ilowekwe kwenye beseni la maji ya kawaida kwa dakika 20 hadi 30, sugu zisuguliwe taratibu kwa jiwe, kisha ngozi ipakwe mafuta ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa ngozi iliyopoteza neva haitoi jasho na hupasuka. Mafuta ya kula yanatosha. Jicho lisilofumba vizuri lichunguzwe kwenye kioo kila asubuhi, na usiku lifunikwe kwa kitambaa safi.

Jambo moja halingoji. Mabaka ya zamani yakivimba na kuwa mekundu, au neva ya kiwiko ikianza kuuma, au mguu ukianza kuburuta, mtu aende kituo cha afya mara moja hata kama alimaliza dawa miaka miwili iliyopita. Huo ni mpambano wa kinga ya mwili na mabaki ya vimelea vilivyokufa, si ukoma kurudi, na neva iliyodhoofika kwa chini ya miezi 6 inaweza kuokolewa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Upande wa jamii ni mgumu zaidi, nami sidhani unatibiwa na mabango. Mwanamke aliyetengewa sahani yake wakati wa ugonjwa huendelea kutengewa hata baada ya kupona, kwa mazoea tu, na hakuna anayekumbuka nani aliamua. Akienda kusajili laini ya simu, vidole vyenye makovu havisomeki kwenye mashine, kwa hiyo hupokea fedha zake kwa laini ya mwanawe na kila senti lazima aiombe. Katika msiba huambiwa apumzike, na kwa kuonewa huruma namna hiyo hunyimwa hata haki ya kuchota maji ya wafiwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhusu yeye pia, ingawa wengi wa waliopona ukoma hawajihesabu humo. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mtu wa Sikonge au Urambo anayeweza kufuga nyuki, kazi isiyodai vidole vyepesi kama ya kushona, aulize kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yake, na akiweza aende na jirani aliyewahi kumtengea sahani, ili wote wawili wasikie masharti kwa pamoja.