Asidi ya Udongo katika Bustani za Nairobi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaolima bustani jijini Nairobi huamini kwamba rangi hutosha kutambulisha asidi: udongo mwekundu wa Karen na Kikuyu unayo, mweusi wa Embakasi hauna. Ni kweli kwamba udongo mwekundu wa nyanda za juu, uliochujwa na mvua kwa karne nyingi, mara nyingi huwa na asidi kiasi, na mweusi huelekea zaidi kwenye alkali, kinyume cha asidi. Hata hivyo, wekundu wenyewe hutokana na oksidi za chuma, na viwanja vinavyopakana huweza kutofautiana kwa sababu ya mbolea na majivu yaliyotiwa. Kipimo cha kutegemewa ni pH: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, na udongo wa 5 una asidi mara kumi kuliko wa 6.

Dhana inayowagharimu watu zaidi ni kwamba sukuma wiki iliyodumaa inahitaji tu mbolea zaidi. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, nayo fosforasi hunaswa na alumini pamoja na chuma, hivyo mtu anaweza kutia DAP, mbolea yenye fosforasi, msimu baada ya msimu ilhali mboga hainufaiki ipasavyo. La kusikitisha ni kwamba DAP na urea zenyewe, zikitumiwa kwa miaka mingi, huongeza asidi. Sukuma wiki na kabeji hupendelea pH ya 6 hadi 7.

Asidi si adui wa kila mmea. Chai ya Limuru hustawi kwenye 4.5 hadi 5.5, maua ya azalia huipenda asidi, na maua ya haidrenjia huwa ya buluu pale ambapo asidi imeiachilia alumini. Makapi ya kahawa, kinyume cha inavyodhaniwa, yakishachemshwa hayana asidi ya kutosha kuubadilisha udongo.

Si kweli pia kwamba chokaa, inayotiwa kupunguza asidi, haizidi. Ikizidi, mimea hukosa chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Viazi navyo hushambuliwa zaidi na ugonjwa wa ukoko. Tena chokaa ya kilimo huchukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo huchanganywa na udongo mapema, kabla ya mvua, baada ya kupima. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Kabete hupima udongo: chota sehemu kadhaa za shamba, kina cha sentimita 20 hivi, uchanganye katika ndoo safi, kisha upeleke kiasi kidogo cha mchanganyiko huo.